Nusu ya Giza Niliyoikata

Usiniambie nilikuwa nimechoka au jua lilinipiga. Akili zangu zilikuwa timamu, ilikuwa saa tisa mchana, na yule mama wa kanisani nilizungumza naye kama ninavyozungumza na wewe.

Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu, hapa mjini Wote. Rafiki yangu Mutua, mpiga picha, alikuwa anatayarisha maonyesho mjini Kitui kuhusu mwanga na imani: msikiti mmoja wa Mwingi alfajiri, mishumaa, madirisha ya makanisa. Mimi nikapewa kitabu cha maonyesho. Picha moja ilinisumbua. Mama mzee ameketi kanisani Migwani, mwanga wa dirisha umemwangukia usoni. Nusu nyingine ya picha ni giza tupu. Kwenye karatasi ya majaribio uso wake ulitoka wa manjano kama wa mgonjwa. Nikaamua kwenda Migwani kuuona mwanga wenyewe.

Kanisa lilikuwa wazi, hakuna mtu. Nikatandaza ile karatasi ya picha kwenye benchi la mbele, nikaenda kulitazama dirisha. Nilipogeuka, yule mama alikuwa ameketi pale, kitambaa cha kijani kichwani, kile kile cha kwenye picha. Nilishtuka, lakini nikafurahi pia. Nani asingefurahi?

"Susu, kumbe ni wewe!" nikamwambia, nikimwita bibi kwa Kikamba.

Hakujibu salamu. Aliweka kidole kwenye ile nusu ya giza.

"Mwiitu wakwa, huku usikate," akasema, akiniita binti yake.

"Lakini huku hakuna kitu, susu."

"Kuko. Ni vile hujaangalia."

Nikamwahidi sitakata. Niamini, nilisema kwa mdomo wangu. Nikampiga picha na simu, nikainama kukunja karatasi, na nilipoinua macho benchi lilikuwa tupu. Sikusikia hatua wala mlango. Jioni, nikiwa nimerudi Wote, nikafungua simu: benchi, mwanga, vumbi. Mama hayuko. Nikajiambia simu yangu ni ya bei rahisi.

Mutua alitaka kurasa za mraba. "Nusu hiyo inakula wino bure, kata," akasema. Unafikiri nilimweleza habari ya yule mama? Niliona haya, na kazi ilikuwa imechelewa. Nikakata, nikahifadhi juu ya picha ya asili, nayo ikafutika. Mutua alikuwa ameshaifuta kadi ya kamera.

Kitabu kilipotoka nilipeleka nakala Migwani. Mchungaji akafungua ukurasa ule, kisha akanipeleka kwa mzee mmoja anayeishi karibu na kanisa.

"Huyo mzee ndiye mume wa mama huyu wa kwenye picha," akaniambia njiani. "Mama tulimzika wiki mbili baada ya kupigwa picha hiyo."

Nilisimama njiani nikahesabu tarehe. Mimi nilikutana naye miezi minne baada ya picha kupigwa.

Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Halafu akapitisha kidole polepole hadi ukingo wa ukurasa, akaufunua, akatazama nyuma yake, akaurudisha.

"Na mimi niko wapi?" akauliza. "Tulikuwa tumekaa pamoja. Huyo kijana wa kamera alituambia tusitikisike."

Mutua alikuwa amepiga mamia ya picha, mzee akamtoka akilini. Hawakuwa na picha nyingine ya wao wawili. Hata ya harusi. Nilimwomba msamaha. Akaniambia si kitu, akaita niletewe chai. Sikuweza kuinywa.

Mwaka uliofuata mzee naye akaaga dunia, na familia ikaniomba nitengeneze programu ya mazishi. Nikachukua uso wa mama kutoka kitabuni na wa mzee kutoka kitambulisho chake, nikaziweka bega kwa bega. Mwanga wa mama unatoka kushoto, wa mzee unatoka mbele. Nilihangaika nazo siku mbili kwa kompyuta. Zilikataa kuungana. Ninayo nakala moja hapa mezani, na hadi leo nikiitazama naona watu ambao hawajawahi kukutana.

Wewe unayeshika picha za watu, ukiona giza usiharakishe kulikata. Liongezee mwanga kwanza, uone ni nani amekaa humo. Mimi ingenichukua dakika moja tu.