Posa Kwenye Dago la Msituni

Mama yangu alianza biashara akiwa mjane wa makamo, wakati watu wa kijiji chetu cha Chala walipoacha kuficha magunia. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kuteremsha maharage ziwani alihitaji kibali, na akikamatwa bila kibali aliitwa mlanguzi. Kisha ikaja ruksa ya kila mtu kuuza na kununua. Vizuizi vya barabarani vikaondolewa, maduka yakajaa sabuni na nguo za mitumba. Tangu baba afariki, mama alikuwa akilima na kunyamaza tu. Siku moja tukipepeta maharage uani akaniambia, "Na sisi tutashuka."

Kushuka kulikuwa na maana moja tu, kwenda Wampembe. Ufipa yetu iko juu, kwenye baridi na upepo na nyasi, na Ziwa Tanganyika liko chini kabisa kwenye joto. Katikati kuna mteremko mrefu wenye msitu wa serikali. Magari yalikuwa ya kubahatisha, na masika hayakuwapo kabisa, kwa hiyo watu walitembea. Maharage na unga wa ulezi vilishuka vichwani na kwenye baiskeli za kusukuma, dagaa na migebuka mikavu ikapanda kwa njia ileile. Safari haikuisha kwa siku moja. Ilibidi kulala msituni.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea na masomo, basi nikawa mwenzake wa njiani. Sikupenda. Nilikuwa katika umri wa kuona aibu kubeba mzigo mbele ya wasichana wenzangu. Lakini mahali pale pa kulala nilipapenda tangu mara ya kwanza.

Watu walipaita dago, kama wavuvi wanavyoziita kambi zao. Palikuwa uwazi kando ya mto mdogo, chini ya miti mirefu ya mininga, na ardhi yake ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Kulikuwa na mafiga yaliyoachwa na waliotangulia. Mto ulivukwa juu ya mawe, na ng'ambo kulikuwa na uwazi mwingine mdogo kwa wale waliochelewa kufika. Bwana miti, yaani mlinzi wa msitu, alipita mara mojamoja na maneno yake yalikuwa yaleyale: kuni zilizoanguka chukueni, mti mbichi msiguse, moto uzimeni kwa maji. Hakuna aliyemiliki pale. Mtu wa Chala hakuwa mwenyeji, wala mtu wa ziwani hakuwa mgeni. Uliweka mkeka wako palipobaki, ukapisha mwenzako.

Hapo ndipo tulipomkuta mzee mmoja. Namwita mzee, lakini sasa nikihesabu naona alikuwa hajafika umri wangu wa leo. Alikuwa mvuvi na muuza dagaa kutoka mwambao, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliyefiwa na mke na aliyeacha watoto wakubwa nyumbani. Alipandisha dagaa Chala kwa baiskeli. Jioni ile alikuwa ameswali kwenye jiwe pana kando ya maji, kisha akatoa mshipi na ndoana mfukoni, akafukua minyoo kwa kijiti, akakaa kuvua.

Nilimwamkia shikamoo. Mama, ambaye hakuwa na tabia ya kuanza mazungumzo na wanaume, alisimama na ndoo mkononi akimtazama.

"Wewe si mtu wa ziwani?" akamuuliza.

"Ndiyo."

"Na samaki wote wale huko kwenu. Hapa unatafuta nini?"

"Kule navua wa kuuza," akasema. "Huyu wa hapa nikimpata namla mwenyewe."

Mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa muda mrefu, nikageuka kuhakikisha kwamba ni yeye.

Safari iliyofuata mama alimkuta tena, na iliyofuata vilevile. Nilifikiri ni bahati mpaka nilipogundua kwamba mama alikuwa anaangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika, na mwenye dagaa mkavu ndipo hupata nafasi ya kupanda kwenda kuuza. Mama alianza kusema, "Wiki hii tusishuke, tungoje kidogo," na mwezi ukinenepa alikuwa wa kwanza kufunga magunia. Alianza pia kusuka nywele kabla ya safari. Wanawake tuliosafiri nao waliona kila kitu wala hawakusema neno, maana kila mmoja alikuwa na jambo lake ambalo mama hakulisema.

Mzee alimfundisha kuvua. Chini kidogo ya kivuko mto uliingia kwenye kina cha maji meusi yaliyotulia, na kambare wadogo walijificha chini ya mizizi. Mama alikuwa na papara, akihisi mshipi umetikisika anauvuta kwa nguvu, ndoana inatoka tupu. "Muache aamini kwanza, Mama Chala," mzee alimwambia. Hilo ndilo jina alilompa. Walikaa pale mpaka giza likaingia, wakiongea kidogo sana. Mimi nilikaa kando ya moto nikisonga ugali na kuwatazama migongo. Sikujua niwe na furaha au niwe na uchungu kwa ajili ya baba. Nilikuwa na vyote viwili, na vilikaa pamoja bila kugombana.

Masika moja mvua ilinyesha huko juu mfululizo. Tulifika dago jioni, na asubuhi tulipoamka yale mawe ya kuvukia hayakuonekana. Mto ulikuwa umefura, rangi ya udongo, ukivuta matawi mazima. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Upande wetu tulikuwa wanawake wachache wa Chala na kijana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akiswaga ng'ombe wa baba yake kuwapeleka mwambaoni kuuza. Ng'ombe walisimama wameloa, wakitazama maji kama sisi.

Kabla ya adhuhuri watu walitokea ng'ambo wakitoka ziwani, na mbele yao alikuwa yule mzee na baiskeli yake. Alimwona mama. Akaegemeza baiskeli kwenye mti, akaja mpaka ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akapiga kelele. Mto uliyameza maneno yote.

"Sisikii," mama alijibu kwa sauti.

Akarudia. Tukapata neno "ndugu" peke yake.

"Anasema nini?" mama akatuuliza. Hakuna aliyejua. Yule kijana wa Kisukuma, ambaye tangu utoto alikuwa akiita ng'ombe kutoka mbali, akasogea ukingoni bila kuombwa na kupaza sauti iliyonifanya nizibe masikio.

"Mzee, sema polepole. Neno mojamoja."

Mzee akasema neno mojamoja, na kijana akaweka kiganja sikioni, akitugeuzia uso kila alipopata kipande.

"Anasema amezungumza na ndugu zake."

"Kuhusu nini?" mama akauliza. Nadhani alikuwa anajua.

Kijana akauliza. Mzee alivua kofia, akaivaa tena, akawatazama wenzake waliosimama nyuma yake, kisha akasema alichokuwa nacho. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Alipotugeukia alikuwa amepunguza sauti, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu.

"Mama, anasema anataka kukuoa. Anasema alitaka kukuambia mkiwa wawili, ila hajui maji yatapungua lini na hakuona sababu ya kungoja."

Wanawake wakainama kwenye vyungu vyao. Mama alikuwa ameshika mwiko. Aliuweka chini, akaufuta mkono kwenye khanga, akautazama ule mto mkubwa na yule mtu mdogo upande wa pili.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Kijana akapaza sauti: "Amesikia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa kwenye mzigo wake. Siku nzima walikaa hivyo, kila mmoja ukingoni kwake. Mama alipika, mzee akaswali, mvua ikanyesha ikaacha. Jioni niliona mama amenyoosha mkono juu, mara moja tu, na ng'ambo mkono mwingine ukanyooka.

Kesho yake mawe yalianza kuonekana. Mzee alivuka wa kwanza, suruali imekunjwa mpaka mapajani, baiskeli begani. Yeye na mama wakaenda kwenye kile kina wakiwa na mshipi mmoja. Walichozungumza sikijui mpaka leo. Walirudi na kambare wawili, mama akawachoma, tukala sote pamoja na kijana wa ng'ombe.

Habari zilifika Chala kabla yetu. Mdogo wake baba, ambaye sisi tulimwita baba mdogo na ambaye alikuwa amesimamia mambo yetu tangu msiba, alikuja akakaa kwenye kigoda jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, na alimheshimu mama.

"Shemeji, tumesikia habari za msituni."

"Mmesikia sawasawa," mama akasema.

"Yule ni Mwislamu. Atakubadili dini."

"Hajaniomba."

"Basi yeye ndiye atakayebadili?"

"Mimi pia sijamwomba."

Baba mdogo akauliza kwa upole kabisa, "Sasa shemeji, ndoa hiyo itafungwa wapi?"

Mama alichochea moto. Nikimtazama nilijua kwamba swali hilohilo lilikuwa limeulizwa ziwani pia, pengine kwa upole uleule. Baadaye mzee alithibitisha. Wanawe walimwambia kwamba hawamkatalii, ila wanataka kujua mama huyo atazikwa makaburi gani.

Safari iliyofuata tulishuka wawili tu. Njiani nilimuuliza mama wameamua nini.

"Tumekubaliana tubaki hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi unavyotuona."

Nilikasirika kwa ajili yake. Nilikuwa kijana, nikidhani kila jambo lazima liwe ndoa au liwe msiba. Nilitaka mmoja wao apige meza mbele ya ndugu zake. Lakini wao walikuwa wamewahi kuoa na kuolewa, wamezika, wamelea. Walijua gharama ya kuvunja nyumba mbili ili kujenga moja.

Baadaye barabara ikatengenezwa, na wafanyabiashara wa Sumbawanga wakanunua malori. Mtu aliweza kupakia magunia Chala alfajiri na jioni yuko Wampembe. Dago likaachwa. Nyasi zikaota kwenye mafiga, na wanawake tuliokuwa tukilala nao wakasema afadhali, migongo imepumzika. Mama naye alipanda lori. Ila lori lilipofika msituni, aligonga paa la kichwa cha gari.

"Mama, hapa hakuna kijiji," dereva alimwambia mara ya kwanza.

"Najua."

Akateremka na mkeka, sufuria na kikapu cha unga. Mimi niliendelea na mzigo mpaka ziwani, maana biashara sasa ilikuwa mikononi mwangu. Siku hiyohiyo, kwa hesabu yao ileile ya mwezi, mzee aliteremka kutoka kwenye lori lililokuwa likipanda. Walikaa pale siku mbili, wakati mwingine tatu, kisha kila mmoja akasimamisha gari la kwao. Ndugu walisema mama ameanza kuchanganyikiwa. Mtu mzima, mwenye nyumba ya bati, analala chini msituni bila kulazimishwa na chochote?

Mara chache nilikaa nao. Siku moja bwana miti alitokea na baiskeli yake, mtu mgeni aliyehamishiwa kwetu karibuni, akatukuta kwenye kina.

"Mnafanya biashara gani hapa?"

"Hakuna biashara," mzee akamjibu.

"Sasa mnafanya nini?"

"Tunavua."

Bwana miti akainama kuchungulia ndoo. Kulikuwa na kambare mmoja wa ukubwa wa kiganja. "Huyu hatoshi mboga ya mtu mmoja," akasema.

"Tunajua," mama akasema. "Karibu."

Alitutazama kwa zamu akitafuta sheria tuliyoivunja. Hatukuwa tumekata mti, wala kuchoma mkaa, wala kuingiza mifugo. Mwishowe akalaza baiskeli, akakaa, akala ugali wetu. Siku hizi nikisikia wageni wanalipa ili wakalale kwenye mahema msituni, nawakumbuka wale wawili.

Iliendelea hivyo mpaka nikaolewa, mpaka nikapata watoto. Kisha dereva mmoja wa lori akasimama mbele ya duka langu, akaniita pembeni, akaniambia mzee ameugua siku chache na amefariki, na wameshamzika.

Nilimpeleka mama ziwani. Hakulia njiani. Tulifika kwenye nyumba ya msiba tukiwa hatujui tutapokewaje. Binti mkubwa wa marehemu, mwanamke wa rika langu, alitoka uani na mtandio kichwani, akamtazama mama kidogo.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye Mama Chala?"

"Marahaba. Ndimi."

Akamshika mkono, akampeleka ndani walikokaa wanawake wa nyumba ile, akamtengea nafasi kwenye mkeka karibu naye. "Baba akitoka huko juu," alimwambia, "alikuwa mpole wiki nzima. Tulikuwa tukitaka kumwomba jambo, tunangoja arudi kutoka msituni."

Hapo mama akalia. Tulikaa mpaka tanga lilipoanuliwa.

Tulirudi tumekaa mbele kwenye lori, mama katikati yangu na dereva. Nilikuwa na swali ambalo nilikuwa nalo kwa miaka, nikaliuliza kwa Kifipa ili dereva, ambaye alikuwa mtu wa Kigoma, asielewe. Nilimuuliza kama anajuta kwamba hawakuoana.

"Baba yako nilimpikia, nikamzalia, nikamuuguza, nikamzika," akasema. "Yule nilikaa naye tu. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukaa tu na mtu."

Kisha akamgeukia dereva, akamuuliza kwa Kiswahili kama huko Chala mvua imenyesha, kwa sababu alikuwa ameacha maharage shambani.