Ramani ya Saio kwenye Kitambaa cha Amerikani

Anastasie alikuwa mshonaji wa misheni moja karibu na Kasongo. Alifiwa na mume mapema, kabla ya kupata mtoto, na hata watu wa Nyangwe walijua kazi ya sindano yake. Ila kuchora hakuwahi.

Mwaka 1947 padri Gaston alirudi kutoka likizo ya Ubelgiji na karatasi kubwa, akaitundika katika chumba cha kushonea, maana ndicho pekee kilichokuwa na ukuta mkavu. Ilikuwa ramani ya vita vya kwao, iliyochorwa kwa mkono na dada yake. Msitu ulichorwa mti kwa mti. Kutoka kwenye ndege nyeusi watu walining'inia chini ya miavuli myeupe, na ukingoni mwa msitu wanakijiji waliwangoja, mmoja ameinua taa.

"Padri," Anastasie aliuliza kwa sauti ndogo, "hawa watu wanaanguka ao wanashuka?"

"Wanashuka. Ni askari. Na wale wenye taa ni raia waliokataa kuwatii Wajerumani. Wengi waliuawa. Dada yangu alichora ili wasisahauliwe."

Anastasie alibaki na sindano mkononi bila kushona. Watu kushuka toka juu kama sufi inayopeperuka! Kila alipopata nafasi aliirudia ramani ile, mpaka wazo moja likamnyima raha. Kaka yake naye alikwenda vitani.

Grégoire, kaka huyo, alipigana Abisinia katika jeshi la koloni, akarudi na mguu mbovu na maneno machache. Anastasie alimkuta uani akimenya muhogo.

"Yaya," alimwita kaka yake, "vita yenu iko na ramani?"

"Nani angeichora?"

"Mimi. Ninyi mulishuka toka wapi?"

Grégoire aliweka kisu chini. "Sisi hatukushuka, mudogo wangu. Sisi tulipanda."

Akaanza kusema, na hakunyamaza tena hadi mvua zikaisha. Alisimulia malori ya kwenda Juba, Mto Nili, Asosa, Gambela, kisha mlima wa Saio walikojichimbia Waitaliani. Alisimulia njaa, na wapagazi waliokufa njiani, na Wahabeshi waliotoka vichakani peku, wenye bunduki kuukuu, kuwaonyesha njia. Anastasie alichora yote juu ya kitambaa cha amerikani: makaa kwa milima, buluu ya kufulia kwa mito, unga mwekundu wa mti wa ngula kwa moto wa mizinga. Watu aliwachora wadogo kama mchwa, lakini kila mmoja na mzigo wake.

Siku ya kuwakumbuka askari waliitandaza ramani ya Anastasie ukutani, nje ya kanisa. Watu walijaa. Wakaja hata wa Kabambare, na kati yao mjane mmoja, Ernestine, aliyesimama mbele muda mrefu.

"Bwana yangu Michel alikufa kule," alisema. "Waliniambia tu, 'Abisinia.' Abisinia ni nini? Ni mto? Ni nyumba? Sijui nielekeze wapi uso wangu."

Grégoire alimtazama. "Michel aliyekuwa anaimba Kibangubangu tukipanda?"

"Ndiye."

Grégoire akachechemea hadi ukutani, akagusa kijito chembamba chini ya Saio. "Iko hapa, mama. Tulimuzika ng'ambo hii, chini ya mutini mukubwa. Mimi nilishika miguu yake."

Anastasie alichukua kipande cha makaa, na mbele ya watu wote akachora mti ule. Wanaume walivua kofia. Mzee Moustapha, mchuuzi wa sokoni, alifungua viganja akasoma Fatiha kimya kimya. Ernestine aliweka kiganja chake juu ya kitambaa.

"Kumbe ni mahali," alisema. "Kumbe mutu anaweza kufika."

Akalia, na Anastasie akamshika mabega.

Ramani ilikwenda Kabambare pamoja na Ernestine. Anastasie ndiye aliyetaka hivyo. Mwaka uliofuata akaja Pierre, muuguzi aliyetibu majeruhi huko Burma, akaomba naye achorewe safari yake.

"Bahari iko rangi gani?" Anastasie alimuuliza, kwani hakuwahi kuiona.

Pierre alifikiri. "Kila saa rangi ingine, mama."

Anastasie akakata kitambaa kipya, kirefu kupita mlango, akaanza kuchanganya rangi.