Jani Moja kwa Kila Shina

Orlena Cutlip alikuwa na miaka hamsini na nane, na katika miaka hiyo hakuwahi kulala nje ya bonde lao zaidi ya siku tatu mfululizo. Siku zenyewe zilikuwa za hospitali, alipompeleka mama yake kutolewa mawe ya nyongo. Ndugu yake wa pekee, Garland, alihamia Ohio akiwa kijana, akapata kazi ya kuchomelea vyuma kiwandani, akaoa huko huko. Orlena alibaki West Virginia na ng'ombe, kuku na mama. Kati ya hao, kuku ndio walioonyesha shukrani.

Mama mwenyewe aliitwa Icie. Alikuwa na miaka themanini na sita, macho yameingia ukungu, ulimi haujaingia kitu. Alimdekeza mwanawe wa kiume kwa kumwita "baba". Binti yake alimwita "wewe".

Kila Aprili, miti ya maua meupe ikichanua mlimani kabla mti mwingine wowote haujatoa jani, Garland alipakia familia kwenye pikapu na kuja nyumbani. Ni safari ya saa tano, nao waliipenda kuliko Krismasi. Madirisha wazi, watoto wanahesabu maporomoko ya maji kando ya barabara, wanasimama kuvua viatu na kuingia kijitoni mpaka vidole vinakufa ganzi, wanapanda tena garini wakitetemeka na kucheka. Mke wa Garland, Rhonda, mtu wa mjini, alisema hewa ya kule inamrudishia ujana. Orlena alikuwa akiwasubiri jikoni tangu alfajiri. Hewa ile alikuwa nayo mwaka mzima na ujana haukurudi.

Walichokifuata hasa ni kitunguu mwitu. Hutoka ardhini wakati milima bado ya kijivu, jani pana na laini, na hunuka kiasi kwamba ukikila Jumamosi, Jumapili kanisani unakaa benchi peke yako. Hukaangwa na viazi kwenye mafuta ya nguruwe, pembeni maharage na mkate wa mahindi. Kila familia ya bonde lile ina mahali pake pa kuchuma na haipataji kwa mtu. Akina Cutlip walizidisha. Kwao mahali palijulikana na mtu mmoja tu, naye alimwonyesha mmoja tu wa kumrithi, kwa kumpeleka kwa miguu yake. Tena walichuma jani moja kwa kila shina, kitunguu chenyewe kikabaki udongoni kisiguswe, ndiyo maana chao hakikuisha wakati majirani waling'oa vyao mpaka kikabaki kisa. Na jani la kwanza lilitafunwa bichi na mtoto mdogo kuliko wote, mbele ya watu, kabla majani mengine hayajaingia kikaangoni.

Krismasi moja Mama Icie alisema macho yake yanakwisha, na Aprili ikifika atamwonyesha mtu. Hakutaja jina. Orlena hakuona haja ya jina. Ni nani aliyekuwa akimvusha mama kijito kila mwaka, akamsubiri penye bomba la moshi la nyumba moja iliyoungua zamani, mpaka arudi na mfuko wake? Alijinunulia buti mpya, akazipaka mafuta, akaziweka chini ya kitanda.

Jambo moja hakuwahi kumwambia mtu. Miaka sita nyuma, mama alijikwaa kule juu akapiga kelele, Orlena akakimbia kumwinua, akapaona: ubavu wa mlima chini ya miti mikubwa, kijani kitupu. Mama, mguu umevimba, alimshika ukosi wa koti.

"Umeona nini?"

"Nimekuona wewe, mama."

"Hujaona kitu. Sema."

"Sijaona kitu."

Tangu hapo alipanda kule kila vuli kwa siri, akatawanya mbegu, akaondoa matawi yaliyoanguka. Na kila Aprili alitangulia alfajiri kusafisha njia ili miguu ya mama isipotee, maana macho yalikuwa hayamsaidii tena. Kwa hiyo kujua alijua. Alichokitaka ni kuonyeshwa. Alitaka yule mwanamke amshike mkono, mara moja tu, aseme ni wewe.

Jumamosi yenyewe ilikuwa nzuri hata inaudhi, jua jepesi, ndege wamechanganyikiwa kwa furaha. Orlena alitoka chumbani na buti zake miguuni. Mama alikuwa sebuleni na Garland, ameshajifunga kitambaa.

"Unakwenda wapi na hizo?" mama akauliza. Macho ya ukungu, lakini buti mpya alizisikia.

"Si tunapanda, mama?"

"Ninapanda na Garland. Wewe viazi nani atamenya? Mtu wa kuonyeshwa ni mtu mwenye kizazi. Nikikuonyesha wewe utamwachia nani, kuku?"

Rhonda aliangua kicheko, halafu akakiziba kwa mkono. Watoto wakacheka kwa sababu mama yao amecheka. Garland alikuwa na aibu kidogo, tumpe haki yake, aliangalia funguo za gari. Orlena alirudi chumbani, akavua buti, akaja kumenya viazi. Kama ningekuwa mimi ningemenya na kidole cha mtu.

Garland hakutaka mama achoke. Badala ya kuvuka kijito na kupita penye bomba la moshi, alimpandisha kwa pikapu kupitia barabara ya wakata magogo, wakatokea mlimani kwa juu. Mama alikuwa akipajua mahali kwa nyayo zake, akitokea chini. Kutoka juu hakujua kitu, ila hakuwa mtu wa kukiri. Walirudi adhuhuri na gunia la majani limejaa, Garland ameinua kichwa kama bwana harusi.

Jikoni mafuta yalikuwa yakilia, vitunguu vya dukani vimeshaanza kugeuka rangi, harufu imejaa nyumba nzima. Orlena alifungua gunia, akatumbukiza mkono, akasita. Majani yalikuwa na mikunjo, mistari imesimama kama sketi iliyopigwa pasi. Alilivunja moja, akalipeleka puani. Halikunuka chochote. Lilikuwa lile jani la kwenye majimaji lililoua ndama wawili wa jirani, nalo hutoka Aprili hiyo hiyo. Laiti wangeng'oa shina zima, hata kipofu angeona kwamba chini hamna kitunguu. Lakini wao ni akina Cutlip, huchuma jani tu.

Alimvuta Garland pembeni, akamwambia taratibu kwamba hiki sicho, anuse mwenyewe. Garland akanyong'onyea. Alipougua miaka mitatu nyuma pua yake ilikufa, hata moshi hausikii, na kila mtu nyumbani alijua.

"Dada, unanitania pua yangu?"

"Sikutanii. Hii ni sumu, Garland."

"Najua umeumia. Lakini usifike huko."

Mama alikuwa amesikia. Alikuja akipapasa ukuta, akaingiza mkono guniani, akatoa jani moja. "Nimechuma kwa mkono wangu huu," alisema. "Miaka sabini nachuma. Leo nifundishwe na mmenya viazi? Josie yuko wapi? Njoo, bibi akupe."

Josie alikuwa mdogo wao, miaka mitano, binti wa Garland wa mwisho. Alikuja mbio, akafumba macho kama alivyofundishwa, akafungua mdomo. Alikuwa akijivunia, mwaka uliopita alitema na mwaka huu aliapa hatatema.

Orlena hakufikiri. Alilipiga lile jani kwa nguvu zote likamruka bibi mkononi, na kofi lake likampata mtoto shavuni vilevile, akaanguka chini na kulia. Kabla mtu hajamfikia, Orlena alifungua mlango wa jiko la kuni akasukumiza gunia zima ndani. Lilifuka moshi, likashika.

Rhonda alimnyanyua mwanawe akamwambia Orlena, kwa sauti ya chini kabisa, "Wifi, mkono wako usimguse mtoto wangu tena." Garland alikuwa analia, mwanamume wa miaka hamsini na tatu, anatazama jiko. Zile zilikuwa mboga za mwisho za mkono wa mama yake. Hawakugusa viazi. Waliondoka jua lingali juu, na safari hii madirisha yalifungwa.

Walipobaki wawili, mama aliomba beseni anawe. Orlena aliliweka magotini pake. Mkono uliochuma kitunguu mwitu hunuka siku tatu, sabuni haiondoi, mama alijua hivyo kuliko mtu yeyote aliye hai. Kabla ya kuutia majini, Icie aliupeleka mkono puani. Akanusa vidole, kimoja kimoja. Akanusa kiganja. Akarudi kwenye vidole. Orlena alisimama na taulo, anasubiri.

"Leta sabuni," mama akasema, akanawa mpaka kwenye viwiko.

Kesho yake baada ya ibada aliwaeleza wenzake kanisani, Orlena akiwa amesimama hapo hapo, kwamba binti yake amechoma mboga za familia kwa kijicho na kumpiga mtoto mdogo. Wanawake wakamtazama Orlena na kuvuta mikoba yao karibu.

Angeweza kuishi na hilo. Alikuwa ameishi na mengi. Lakini mwezi Mei Garland alipiga simu kuongea na mama, na Orlena aliyeipokea akamsikia akisema, bila hata salamu, kwamba siku ile mahali alipafunga utepe wa rangi ya machungwa kwenye mti, na mwakani atachuma mwenyewe, na Josie atakula jani lake hata kama Orlena atapasuka. Orlena alimsihi. Alimwambia anapajua mahali penyewe, atampeleka.

"Nani alikuonyesha?" Garland akauliza.

Orlena alimgeukia mama, aliyekuwa kwenye kiti karibu na simu, anasikia kila neno. Mama alikuwa anakunja leso.

"Hakuna," Orlena akasema.

"Basi. Mpe mama simu."

Kung'oa utepe hakungesaidia, wala kung'oa yale majani peke yake. Garland asingeyakuta angefuata majimaji bondeni mpaka apate yanayofanana. Kwa hiyo Juni, siku mama akilala mchana, Orlena alianza kupanda mlima na sululu. Lile jani lina mizizi kama kamba za meli, na aliling'oa shina kwa shina, ukingo wote wa yale majimaji, hadi Agosti. Alichimba mfereji kuelekeza maji pembeni. Alibeba mboji ya majani kwa ndoo, mgongo ukamkatika. Septemba alikwenda mahali pa kweli, pale alipopatunza miaka sita, akapiga magoti, akavunja sheria ya kwao. Alitoa vitunguu vyenyewe. Mia nne na zaidi, vyote, maana vichache visingemdanganya mtu, akavihamishia chini ya mti wenye utepe wa rangi ya machungwa. Kule kwa zamani aliacha udongo mtupu. Alilia sana siku hiyo, kwa sauti, kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia.

Aprili ikafika, maua meupe yakachanua, pikapu ikaja na madirisha wazi na watoto waliolowa miguu. Rhonda alimsalimia wifi yake kwa kidevu. Garland alipanda peke yake. Mama aliachwa kwenye kiti barazani, magongo mawili sasa, na Orlena alimenya viazi huku amekaza masikio kwa hofu kwamba labda havikushika, labda baridi imeviua.

Alisikia harufu kabla hajasikia gari. Rhonda alifungua madirisha yote akicheka na kuziba pua, watoto wakapiga kelele kwamba inanuka, inanuka. Garland hakusikia kitu lakini aliona nyuso zao, akatua gunia mapajani mwa mama kama mtu anayelipa mahari.

Mama Icie aliingiza mkono. Akapapasa jani, laini, halina mkunjo hata mmoja. Akalileta puani, akakaa nalo muda mrefu. Halafu akageuza yale macho ya ukungu taratibu, kuelekea mlango wa jikoni, mahali hasa aliposimama Orlena na kisu chake. Alijua. Orlena aliona amejua, akasubiri, na safari hii neno moja tu lingemtosha, hata jina lake.

"Mmeona?" mama akawaambia wengine. "Nilichuma hapo hapo mwaka jana."

Josie alifumba macho, akatafuna jani lake lote, hakutema. Wakampigia makofi. Garland alimfuata dada yake jikoni, akamwambia kwa upole, kama mtu anayesamehe, "Hiki ndicho ulichotunyima mwaka jana, dada," naye akasema ndiyo, lete sahani.

Walikula mpaka wakalegeza mikanda. Orlena alimpakulia mama kwanza, akasimama nyuma ya kiti chake. Mama alitafuna polepole, akameza, akasukuma sahani.

"Viazi vibichi," alisema.

Vilikuwa vimeiva. Orlena aliichukua ile sahani, akavirudisha kwenye kikaango.