Gunia Moja la Mchanga

Wewe ungepanda boti ambayo aliyeijenga anakukataza usiipande? Ogwal alilazimika kuipanda, tena aikimbize mbele ya wageni wa serikali, kwa kuwa Kapteni wa jeshi alikuwa ameshasema. Na mwaka ule wa 1974 neno la mwenye bunduki ndilo lililokuwa sheria, sayansi na dini.

Aliyeijenga ni Kasereka, Mkongo wa Butembo, mtu mfupi mwenye vidole vilivyobabuka kwa gundi. Kazi ya boti za faibaglasi, vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyogandishwa kwa gundi, alifundishwa na Mhindi mwenye karakana pale Ggaba, kando ya ziwa. Mhindi alipofukuzwa nchini, karakana ikapewa Kapteni, ambaye hakuwa amewahi kushika hata msasa. Kasereka akabaki kama zilivyobaki nyundo na meza: mali iliyokutwa.

Dada yake, Marie-Jeanne, alikuwa ameolewa na Ogwal, polisi wa majini, Mlangi kutoka kaskazini, kabila ambalo wenye bunduki hawakuliamini. Sasa Marie-Jeanne alikuwa mja mzito. Kila Jumapili mashemeji hao walikula samaki pamoja na kutaniana.

"Boti ya vitambaa na gundi!" Ogwal alizoea kucheka. "Shemeji, nyinyi Wakongo mnajenga chombo au mnashona suti?"

"Suti yako ya kuzikiwa, shemeji, usipojifunza kukata mawimbi."

Safari hii utani uliwakauka mdomoni. Sherehe za serikali, ambako boti mpya ya Kasereka ingeonyeshwa, zilikuwa karibu, na Kapteni alipoona gundi inachelewa kuganda, alinyakua kopo la dawa ya kukaushia akamimina mwenyewe, kupita kipimo kabisa. "Serikali ya kijeshi haingoji gundi!" alisema. Gundi ikapata moto, ikatoa moshi, ikaganda upesi, ngumu na kavu kama kigae.

Wajenzi wa mitumbwi ya mbao pale Ggaba hupima chombo kipya kwa kukijaza magunia ya mchanga na kukiacha hivyo hadi kesho yake. Kapteni akaamuru boti ya Kasereka ipimwe vivyo hivyo. Askari wakapanga magunia taratibu, moja baada ya jingine. Boti ikapinda kidogo juu ya magogo yake, ikatulia. Kulipokucha ilikuwa nzima.

"Umeona, Mkongo?" Kapteni akapiga ubavu wa boti kwa fimbo. "Ulikuwa unatutisha bure."

"Afande, ziwa haliweki mzigo taratibu. Ukiielemea boti polepole, gundi inapata nafasi ya kunyumbuka, na nyuzi zinagawana uzito. Lakini wimbi kwenye mwendo mkali ni kofi. Gundi hii imekaushwa mno, haitawahi kunyumbuka. Itapasuka."

"Uzito ni uzito! Unataka kunifundisha?"

Askari wakacheka, kwa sababu ndiyo kazi waliyolipwa. Kasereka akaliona akilini tumbo la dada yake, akaona na kanga nyeusi ya ujane. Hasira aliyoimeza tangu siku Mhindi alipofukuzwa ikampanda hadi kooni. Askari walipomaliza kuteremsha magunia yote, alilitupa moja begani, akapanda juu ya meza ya kazi, na bila kuomba ruhusa ya mtu akaliachia ndani ya boti.

Pah! Sakafuni pakachanua nyota nyeupe, na ufa ukakimbia kutoka hapo hadi ukingoni. Boti iliyolala na magunia yote ilikuwa imeshindwa na moja.

Kicheko kikakatika. Kapteni akamzaba Kasereka kofi lililomwangusha.

"Umeharibu mali ya serikali! Ziba hapo. Kesho inatoka, na huyo shemeji yako ataniendesha mimi mwenyewe."

Mtu mwenye akili angeshukuru kuonyeshwa kaburi lake kabla hajaingia. Lakini hawa walidhani hata gundi hupiga saluti.

Kasereka akabandika kiraka, akijua kinafunika jeraha tu. Jioni akamwambia Ogwal, "Shemeji, ukienda polepole itakubeba. Ukikimbia, itafunguka."

"Na Kapteni akiniamuru nikimbie?" Ogwal hakucheka. "Ikizama, watasema Mlangi amehujumu. Unajua Walangi wenzangu wa kambini walipelekwa wapi, na hawakurudi."

"Basi tazama vizuri yalipo mafunjo yanayoweza kumficha mtu. Marie-Jeanne niachie mimi."

Asubuhi ya pili yake wageni walijaa ufukweni. Boti ikatoka kwa mwendo wa bata, ikipokea mawimbi moja moja, na kiraka kikashika. Kasereka akaanza kupumua. Ndipo akamwona Kapteni akisimama, akipunga fimbo, kisha akimsukuma Ogwal kando na kuushika usukani mwenyewe. Injini ikanguruma. Pua ya boti ikainuka, ikashuka juu ya wimbi kwa kishindo, na sakafu ikafunguka kama ganda la njugu.

Wageni walipiga mayowe. Kofia ya Kapteni ilielea peke yake. Mbali kidogo, kichwa kimoja kikaibuka na kuanza kuogelea kuelekea kwenye mafunjo.

"Dereva yuko wapi?" askari mmoja akamkaba Kasereka shati. "Wewe, dereva yuko wapi?"

Kasereka akayapa mafunjo mgongo, akanyoosha kidole upande wa pili wa ziwa.