Niliweka Sufi ya Mto wa Mama Kwenye Vepu ya Mdogo Wangu

Mtanisema, na mna haki. Kosa ni langu peke yangu. Mdogo wangu hana hatia yoyote katika haya nitakayowaeleza, ingawa yeye ndiye anayelipa.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikalima mpunga bondeni, nikakaanga mihogo hapa Ifakara, nikamlea. Nimwite Beno. Hakuwahi kulala njaa mikononi mwangu. Lakini nyumbani kwetu nilikuwa na sheria moja: hakitupwi kitu. Hata ukoko wa wali tuliukwangua tukala. Akinuna namwambia, "Nani kakudanganya kwamba ukoko siyo wali?"

Jamani, sheria hiyohiyo!

Beno alipokuwa kijana wa miaka kumi na tisa alipata kibarua cha kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Huko akajifunza sigara. Nikagomba, nikalia, wapi! Muuza vifaa vya simu mmoja akaniambia kuna vepu, sigara ya umeme, ina kitanki kidogo unachojaza maji yenye ladha, eti wengi wanaachia sigara hapo. Nikainunua mwenyewe, na maji ya ladha ya embe.

"Dada, nyumba nzima inanukia embe!" Alifurahi huyo.

Mwanzoni ilikuwa hivyo kweli. Baadaye embe likaanza kufifia. Maji yaliyoingia meupe yakawa na rangi ya chai ya rangi. Beno akasema utamu umegeuka sukari iliyoungua, na unamkwaruza koo.

"Pamba ya ndani imeungua, Dada. Inabadilishwa na koili yake, kile kiwaya kinachoipasha moto, na kitanki kinaoshwa. Ila jamaa hana koili, mpaka aagize Morogoro."

"Na maji yaliyomo?"

"Ya kumwaga."

"Ya kumwaga! Umekuwa mtoto wa waziri lini wewe?"

Akacheka. "Haya, mama ukoko."

Nikaongeza maji mapya juu ya yale meusi. Embe likarudi kidogo, likapotea tena. Siku moja akarudi kazini ananuka sigara. Nikaogopa. Niliona sigara inanichukulia mtu niliyebakiwa naye, na koili haijafika.

Ndipo nikachana mto wa marehemu mama.

Huku kwetu mito tunajaza sufi, ile ya mti wa msufi, laini kuliko pamba ya dukani. Beno akiniangalia, nikachokonoa koili kwa pini, nikatoa kile kipamba cheusi, nikasokota sufi nikaishindilia. Nikajiona fundi!

Sufi hailowi upesi, inaelea juu ya maji. Kila aliyewahi kufua mto anajua hilo. Nami nilijua! Haikunijia kabisa kwamba isipolowa, itaungua kavu, na moshi wake utaingia kifuani kwa mtu.

Beno alivuta mara moja akakohoa mpaka machozi. "Dada, hili siyo embe. Linanuka kama kitambaa kinaungua."

"Vuta taratibu, utazoea."

Utazoea! Mimi huyu nilisema hivyo. Naye akavuta, kwa sababu aliyesema ni mimi. Kila alipolalamika nilimjibu vilevile. Kikohozi kikaja, homa ikafuata. Akashindwa gunia, halafu akashindwa hata kumaliza sentensi.

Hospitali walimwekea oksijeni. Daktari akamuuliza anavuta nini. Beno akanitazama kwanza.

"Vepu, daktari. Ya embe. Nilinunua mwenyewe."

Daktari akanigeukia. "Dada, kuna kitu kingine kiliwekwa humo?"

Nikasema, "Sijui."

Ole wangu! Niliona aibu. Niliona wauguzi watasema huyu ndiye aliyejifanya mama. Nikakaa na neno lile mdomoni, nikimwangalia mdogo wangu anavyohangaika na pumzi, hadi kesho yake mchana nilipomfuata daktari ofisini nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Jana nilikuuliza." Kisha akaniambia hawezi kujua kwa hakika kama kilichomwumiza ni sufi, ni yale maji, au ni vyote.

Beno ametoka hospitali. Kupona sisemi. Gunia habebi tena, na akitoka kitandani kwenda mlangoni anasimama njiani apumue. Sigara ameacha, ndiyo. Hana pumzi ya kuivuta.

Ukoko sasa nawapa kuku. Juzi alichungulia sahani yake akaniambia, "Mama ukoko... mbona leo... tunakula kama... mawaziri?" Alitaka nicheke. Nikatoka nje. Habari ya sufi hajamwambia mtu hata mmoja mpaka leo. Bado ananifichia.

Ninyi mnaolea wadogo zenu, nawaomba. Vitu hivi msiwaletee ndani kwa kudhani ni dawa, kama nilivyodhani mimi. Na mtu akikwambia kinaungua, usimwambie atazoea. Koo ni lake, siyo lako. Na siku daktari akikuuliza, jibu hapohapo, hata kama aibu inakukaba.

Mimi nilijibu kesho yake.