Mvumo wa Redio ya Babu

Nilikuwa nachambua mchele binti yangu aliponiletea habari. "Mama, babu anafunga begi. Anasema kesho anarudi kijijini kwake Kigwa."

Baba mkwe alikuwa amekuja kwetu mjini, mtaa wa Cheyo, kutibiwa macho, na alikuja na redio yake ya zamani, ya kabati la mbao, yenye taa za kioo ndani. Kwake Kigwa ilikuwa inasema vizuri. Kwetu ilikuwa inavuma tu. Fundi wa mtaa wa Ng'ambo alibadilisha kifaa cha ndani kiitwacho kapasita, ikaendelea kuvuma.

"Baba, bado hujaonana na daktari," nikamwambia.

"Mwanangu, macho hayaoni, na masikio nayo niyanyime habari?"

Nikaweka ungo chini, nikaanza kuzima vitu vya umeme kimoja kimoja, nijue kipi kinaivumisha. Nikazima friji. "Bado," akasema, sikio kwenye redio. Nikazima taa ya sebuleni. "Bado." Nikachomoa chaja za simu za watoto, zilizokuwa zimebanana kwenye soketi nyuma ya redio. Mvumo ukakatika, mtangazaji akasikika kama yuko chumbani.

"Hapo hapo! Asiguse mtu!"

"Na simu zetu je?" watoto wakalalamika.

"Simu zitalala na njaa. Nyie mtakula."

Wali ulipoiva, wote walikuwa mkekani, hata yule wa mwisho ambaye huwa namwita mpaka sauti inanikauka. Nikahesabu vichwa, hakuna aliyekosekana. Begi lilikuwa limeshafunguliwa. Na Babu, aliyetaka kutuhama kwa ajili ya taarifa ya habari, aliongea yeye tangu ilipoanza mpaka ilipokwisha.