Kazi ya Kutochungulia

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kompyuta. Nilifika Changamwe asubuhi, kwenye yadi ya makontena iliyoniajiri kuwa fundi wa kompyuta, nikakuta malori yamepanga foleni kutoka langoni hadi barabara kuu, madereva wameshuka na kukaa kwenye vivuli vya malori yao. Hapakuwa na mgomo wala ajali. Programu iliyotoa vibali vya kuondolea mizigo ilikuwa imejifunga yenyewe, kwa sababu leseni yake ilikuwa imekwisha muda, na kampuni iliyoiuza ilikuwa ng'ambo, ambako siku hiyo watu walikuwa na sikukuu.

Bosi wangu wa kwanza, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, alikuwa mtu wa Ukambani aliyekaa pwani miaka mingi hata salamu zake zikawa kama zetu. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akanionyesha kiti.

"Keti utazame, binti," aliniambia. "Mizigo ni ya wateja wetu, kompyuta ni zetu, umeme tunalipa sisi. Lakini programu ni ya mtu mwingine, na leo hayuko."

Tuliketi. Kila baada ya muda Meneja wa Yadi aliingia, akatutazama kana kwamba sisi ndio tulioifunga, akatoka. Ufunguo mpya uliletwa siku iliyofuata kwa barua pepe: mstari mmoja wa herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote. Mkuu aliuingiza, malori yakaanza kutoka, na jioni hiyo akaniambia kwamba tangu siku hiyo mimi na yeye tutatafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa programu huria. Vijana wa leo mnaitumia bila kujua, hata kwenye simu zenu imo, lakini zamani zile ilibidi kumweleza kila mtu, kuanzia mhasibu hadi mlinzi. Kila programu huanza kama maandishi, yaani maagizo ambayo mwandishi wake huiandikia mashine. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Wauzaji wengi huyaficha, wakakupa tu kitu kilichokwisha kugeuzwa kuwa cha kubonyeza. Wa programu huria huyaweka wazi: unayasoma, unayarekebisha, unampa na mwenzako. Mimi niliziita "programu za bure" mbele ya Meneja wa Yadi, na Mkuu akanisahihisha tulipobaki wawili. Bure, alisema, ni habari ya bei, na Meneja akisikia bure atadhani ni kitu duni. Tumwambie kwamba hii tunaweza kuifungua wenyewe ikikwama, sikukuu iwepo isiwepo.

Ilituchukua muda mrefu kuhama. Tulianza na seva, ile kompyuta kubwa inayozihudumia nyingine zote, kisha dawati moja baada ya jingine. Makarani walinung'unika kwamba vitufe vimehamahama. Mimi nilikaa nikatafsiri majina ya vitufe kwa Kiswahili, nikayatuma kwa walioisimamia programu ile. Mtu nisiyemjua, wa nchi ambayo sijafika, akaniandikia kunishukuru na kuniuliza kwa nini nimetumia neno moja na si jingine. Tulibishana kwa adabu kuhusu neno hilo kwa wiki kadhaa. Sijawahi kuona muuzaji wa programu akiniuliza kitu kama hicho.

Lakini nisiwadanganye. Nilikaa Changamwe hadi siku lilipogunduliwa tundu katika programu moja huria iliyotumika kusimba mawasiliano, yaani kuyavuruga maneno yakiwa njiani ili asiyasome ila anayeandikiwa. Tundu hilo lilikuwamo siku nyingi, wazi, mbele ya kila aliyetaka kusoma. Watu wengi walikuwa na ruhusa ya kusoma na kila mmoja alidhani mwenziwe amekwisha kusoma. Tofauti niliyoiona ni kwamba marekebisho yalipotoka, tuliyaweka asubuhi ileile bila kumngoja mtu, na tuliweza kuona hasa kilichobadilishwa. Kwa hiyo nikiulizwa kama programu huria ni salama zaidi, hujibu kwamba inaweza kuwa, iwapo kuna mtu anayeisoma. Kusoma ni kazi, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na watu wachache waliochoka.

Mkuu alipostaafu akarudi kwao, nami nilihamia Likoni, kwenye hospitali ya binafsi isiyokuwa mbali na nyumbani kwangu Bofu. Huko nilikuwa Msimamizi wa Mifumo. Cheo hicho kina nywila, yaani neno la siri, linalofungua kila kitu: faili za wagonjwa, barua pepe za wafanyakazi, na kumbukumbu za mtandao zinazoonyesha kompyuta gani ilitembelea ukurasa gani, saa ngapi. Kumbukumbu hizo huwekwa kwa ajili ya kutafutia hitilafu. Nilizipanga zijifute baada ya muda mfupi, nikaliandika jambo hilo katika kanuni za kitengo, na Mkurugenzi akatia sahihi. Sidhani kama alizisoma.

Mkurugenzi alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa hapa hapa, wa ukoo wa kina sharifu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuisahau. Aliijenga hospitali ile kutoka zahanati ya vyumba viwili. Wagonjwa walimpenda. Mimi pia nilimpenda.

Siku moja katika ukurasa wa mtandaoni wa wakazi wa Likoni, mtu asiyejitaja jina aliandika kwamba jenereta ya wodi ya wazazi katika hospitali yetu ni mbovu, na umeme ukikatika wakunga wanazalisha kwa mwanga wa tochi ya simu. Maneno yalikuwa machache, hayana tusi. Yalikuwa kweli, na kila mfanyakazi aliyajua. Kufikia adhuhuri, watu mapokezini walikuwa wakiyauliza, na waja wazito wawili walihamishwa na jamaa zao wakapelekwa hospitali za kisiwani, upande wa pili wa kivuko.

Mkurugenzi aliniita ofisini. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. Mkurugenzi alisema kwamba maneno yale yaliandikwa kutoka ndani ya hospitali, na kwamba mimi ninaweza kujua kompyuta iliyotumika na aliyekuwa ameketi hapo.

Nilimwambia huenda naweza.

"Basi niletee jina."

"Siwezi kukuletea, Daktari," nilimwambia. "Ukija na amri ya mahakama nitafungua kumbukumbu mbele ya wakili wako. Bila hiyo sifungui."

"Hospitali ni yangu, Bi Rukia. Na hizo mashine ni zangu."

Nilimkubalia. Nikamweleza kwamba wauguzi huingiza katika mashine zile mambo ambayo mgonjwa hakumwambia hata mumewe, kwa kuwa wanaamini hakuna anayechungulia. Siku nitakapochungulia kwa ajili ya jenereta, hawataingiza tena, na tutakuwa na faili za uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba akishindwa kwangu atapata kwa mwingine, nami nikatoka. Matroni hakuninyanyulia macho.

Nilipofika mezani kwangu nilijua kwamba kumbukumbu za siku ile bado zipo. Amri mbili tatu za kuandika, na jina lingekuwa mbele yangu. Watu huniuliza kama nilitamani. Nilitamani sana. Nilifanya kazi na wale wakunga, nilikula nao, mmoja wao alimzalisha binti yangu. Lakini nilijua kwamba nikilijua jina, uso wangu utalisema. Nilifunga kompyuta nikaenda kuswali.

Wiki ileile alikuja kijana wa kampuni ya Nairobi iliyouza programu ya kuwachunga wafanyakazi. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye heshima, mazungumzo yake nusu Kiswahili nusu Sheng. Programu yake ilikuwa ikipiga picha ya kioo cha kila kompyuta kila baada ya sekunde chache na kuandika kila herufi inayobonyezwa. Nilimwomba msimbo chanzo nione inavyofanya kazi na inapeleka wapi inachokusanya.

"Mama, hiyo ni siri ya kampuni," akanijibu. "Hata sisi tunaouza hatujawahi kuiona."

Nilimshukuru kwa kusema kweli. Mkurugenzi aliniamuru niiweke. Nilimwomba ruhusa ya kuijaribu kwanza katika kompyuta moja iliyotengwa, kama ilivyo desturi ya kazi yetu kwa programu yoyote mpya, akaniruhusu. Niliiweka, nikaweka kando yake programu huria ya kusikiliza mawasiliano, ambayo humwonyesha msimamizi kila kinachotoka kwenye mashine na kinakokwenda. Kisha nikafungua faili la mgonjwa wa kubuni, nikaliandikia ugonjwa na dawa.

Picha za faili lile zilitoka hospitalini papo hapo, zikavuka bahari, zikaenda kwenye seva ya nchi ambayo mkataba haukuitaja. Tena hazikusimbwa. Yeyote aliyekuwa njiani angeweza kuzisoma kama tangazo la ukutani.

Nilikwenda kumwita Mkurugenzi. Sikumweleza jambo, nilimwomba tu aketi kwenye ile kompyuta aandike mwenyewe chochote angeandika akiwa kliniki. Aliandika jina la kubuni, umri, kisha majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI na dawa alizoanzishwa mgonjwa. Nikamgeuzia kioo cha pili. Aliyasoma maneno yake mwenyewe yakitoka, mstari kwa mstari.

Kliniki ile ya dawa za virusi aliianzisha yeye, wakati ambao watu walikuwa wakiwafungia jamaa zao vyumbani. Wagonjwa walikuwa wakitoka mbali kama Kisauni kuja kwake, ili wasionekane na majirani.

"Yanakwenda wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha.

"Iondoe," akasema. "Na yule kijana aambiwe asirudi."

Akainuka. Mlangoni akageuka, akaniambia kwamba kuanzia kesho nitafanya kazi masjala, kwenye faili za karatasi, na nywila ya msimamizi nimkabidhi msaidizi wangu. Hakusema kwa hasira. Aliwalinda wagonjwa wake na akaniadhibu kwa kumkatalia, yote katika dakika moja, na nafikiri kwake hayo yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Msaidizi wangu alipoingia kwenye mfumo, kumbukumbu za siku ile ya maneno zilikuwa zimekwisha kujifuta, kama kanuni ilivyotaka.

Jenereta ilibadilishwa mwezi huohuo, baada ya maafisa wa afya wa kaunti kuja kukagua wodi. Hakuna aliyefukuzwa. Mimi nilikaa masjala nikipanga karatasi mpaka nilipopata kazi katika chuo cha ufundi huko Junda, Kisauni, na huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu, nikifundisha vijana kusoma msimbo wa watu wengine kabla ya kuandika wao. Mkuu wa Chuo alikuwa mama mmoja mkimya aliyeniambia siku ya kwanza kwamba hajui kompyuta na hataki kujifanya anajua. Kwa hiyo sina mengi ya kusimulia juu yake. Tulifanya kazi kwa amani.

Sasa nimestaafu, na wanafunzi wangu huja kunitembelea na maswali. Huniuliza kama mtu aruhusiwe kuandika mtandaoni bila jina. Huwajibu kwamba nimesoma uzushi mwingi usio na jina, na mimi mwenyewe nimewahi kusemwa humo, wallahi iliniuma. Lakini nimeona pia wodi ikipata umeme kwa maneno ya mtu tusiyemjua. Anayezushiwa anaweza kwenda mahakamani, njia ni ndefu lakini ipo. Mkunga anayemwogopa mwajiri wake hana njia nyingine. Huwaambia pia kwamba usalama wa watu hauko kwenye programu peke yake, iwe huria au ya kununua. Kuna mtu mahali fulani ameshika nywila, na mkubwa wake siku moja atamwita ofisini.

Mume wangu alipofariki, Mkurugenzi alikuja kutupa pole. Naye alikuwa amestaafu na kuhamia kisiwani, ametumia kivuko kwa miguu kwa sababu gari hakuliendesha tena. Alikaa barazani pamoja na wanangu, akanywa kahawa, tukazungumza habari za marehemu. Watu walipopungua akanisogelea.

"Bi Rukia, sasa sote tuko nyumbani. Niambie tu. Alikuwa nani?"

"Sijui, Daktari."

"Kumbukumbu zilikuwa mkononi mwako."

"Zilikuwa. Sikuzifungua."

Alinitazama kwa muda, kama alivyokuwa akimtazama mgonjwa anayedai haumwi.

"Miaka yote hii nilidhani ulikuwa ukimficha mtu," alisema.

"Nilimficha," nikamjibu. "Ila sikumjua ninayemficha."

Akatikisa kichwa. Alimaliza kahawa yake, akauliza habari za wajukuu, nikadhani anajiandaa kuaga. Badala yake alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa simu. Alisema inajaa haraka, na kwamba mjukuu wake ameweka humo vitu asivyovielewa, na kuna picha na barua nyingi ambazo hataki zipotee. Aliifungua kwa kidole, akanipa ikiwa wazi niisafishe, kisha akanipa mgongo, akaendelea kuzungumza na wanangu.